Vidonge Alivyopewa Bibi

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye migomba ya Kwemtindi, wanafunzi wa shule ya msingi walijipanga uwanjani wakakimbia mchakamchaka. Walizunguka uwanja, wakateremka hadi mtoni, kisha wakapanda tena kwa njia ya shamba la ujamaa, wakiimba na kupiga makofi. Mbele kabisa alikimbia Filomena wa darasa la tano. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Wenzake walipofika kwenye mlima waliishiwa pumzi, wimbo ukabaki midomoni mwa wachache, lakini Filomena alipanda akiimba na kufika juu akiimba. Mwalimu mkuu alisema msichana yule ana pumzi za mbuzi wa milimani. Wengine wangenuna kuitwa mbuzi, ila Filomena alilipokea neno lile kama zawadi, akawa analirudia nyumbani mpaka wakamchoka.

Nyumbani waliishi wanne: baba yake Rubeni, mama yake Secilia, yeye mwenyewe, na Bibi Dorkasi, mama yake Rubeni. Bibi huyu alikuwa amechoshwa na kazi. Tangu usichana wake alibeba kuni na vikapu vya viazi akipanda na kushuka milima, na kabla ya Uhuru alichuma chai katika shamba la mzungu miaka mingi. Sasa magoti yake yalikuwa mazito, na vidole vyake vilikuwa na vinundu. Akiketi, hana budi kuinuliwa. Akiinuka, husimama kwanza na kuusikilizia mwili kabla ya kupiga hatua. Kijijini waliuita ugonjwa wake baridi yabisi, na kila mtu alidai anajua chanzo chake: umande, ukungu, maji ya mto na sakafu ya udongo. Hakuna aliyebisha, maana baridi ya Usambara nani asiyeijua?

Bibi na mjukuu walitaniana kama ilivyo desturi. Bibi alimwita Filomena mke mwenzake, akamshtaki kwamba amemnyang'anya mume, yaani Rubeni, kwa sababu siku hizi Rubeni akirudi shambani humwulizia Filomena kwanza. Filomena naye alijibu kwamba mume ni wa ujamaa, hana mwenyewe. Wakacheka. Kisha bibi alinyoosha mkono wake wenye vinundu, na mjukuu akamwinua taratibu kwenye kigoda.

Mwezi wa sita baridi ilikaza. Watoto wengi shuleni walianza kukohoa, na mafindofindo yakapita darasa kwa darasa. Filomena naye aliamka siku moja na homa, koo limevimba, hata mate hayamezeki. Secilia aliacha jembe lake akampeleka zahanati. Mganga wa zahanati, Ndugu Shabani, alimfungua mdomo, akamulika kwa tochi, akatikisa kichwa. Alimpa vidonge vyeupe vya penisilini vilivyofungwa kwenye karatasi, ameze asubuhi, mchana na jioni.

"Sikiliza, kiongozi wa mchakamchaka," Shabani alimwambia, kwa maana sauti ya Filomena ilisikika hadi zahanati kila asubuhi. "Koo litapona kabla dawa haijaisha. Usidanganyike. Meza mpaka kidonge cha mwisho, hata kama umeshaanza kuimba."

Filomena aliitikia kwa kichwa. Mama yake naye alisikia, lakini ilikuwa zamu ya wanawake kulima shamba la kijiji, na binti yake alikuwa mkubwa na mwenye akili. Akamwachia dawa zake azimeze mwenyewe.

Mambo yakawa kama mganga alivyosema. Baada ya siku chache koo likafunguka, homa ikaisha, Filomena akala ugali kwa maharage na kuomba tena. Vidonge vilibaki vingi ndani ya kopo chini ya kitanda. Aliviangalia akaona havina kazi tena.

Jumapili iliyofuata, Bibi Dorkasi alijiandaa kwenda kanisani. Alivaa gauni lake la bluu, akafunga kitambaa kichwani, akainuka kwa mkongojo. Hakufika mlangoni. Magoti yalimkatalia, akarudi kuketi, na machozi yakamtoka. Filomena alikuwa hajapata kumwona bibi yake akilia. Alisimama na kitabu chake cha nyimbo mkononi, asijue afanye nini. Bibi alimwambia aende tu, amsalimie Mungu na wanakwaya.

Kanisani Filomena hakuimba vizuri. Alikuwa na mawazo. Shuleni walifundishwa kila wiki kwamba katika kijiji cha ujamaa hakuna anayeshiba peke yake jirani yake akiwa na njaa. Yeye na rafiki yake Salma waligawana hata hindi moja la kuchoma, punje kwa punje. Sasa yeye ni mzima na ana dawa. Bibi ni mgonjwa na hana. Je, si vibaya dawa kukaa tu ndani ya kopo? Aliwaza hivyo njia nzima, na kila alivyozidi kuwaza, moyo wake ulizidi kufurahi.

Lilikuwa wazo la upendo, hilo lazima lisemwe. Lakini upendo usiouliza huweza kumtumbukiza mtu shimoni. Filomena alijua kwamba bibi asingekubali kumeza dawa ya mtoto, kwa hiyo akatunga uongo. Alimwambia kwamba Ndugu Shabani amempa vidonge vile amletee, ni vya magoti. Na kwa kuwa uongo mmoja huomba mwenzake, akaongeza kwamba bibi asimwambie mtu yeyote, kwa sababu dawa ni chache na wazee wengine watalalamika.

Bibi Dorkasi alivipokea kwa mikono miwili. Alianza kumeza jioni ile ile, na baada ya siku mbili akasema anahisi nafuu. Labda ilikuwa nafuu ya jua lililotoka juma lile, au ya kujua tu kwamba amekumbukwa. Alimwita mjukuu wake, akaweka mkono juu ya kichwa chake akambariki kwa Kishambaa, maneno marefu ya wazee, na Filomena akatoka nje akiwa anajiona mrefu kuliko mlango.

Karibu wiki tatu zilipita. Asubuhi moja, katikati ya mchakamchaka, kifundo cha mguu wa kulia kilianza kumuuma. Alifikiri amejikwaa. Kesho yake kifundo kilikuwa kimevimba, chekundu, hakigusiki hata kwa shuka. Jambo la ajabu ni kwamba kilipoanza kupoa, goti la kushoto likavimba. Goti likapata nafuu, maumivu yakahamia kwenye kiwiko. Ulikuwa kama ugonjwa unaotafuta nyumba ya kupanga. Homa ikarudi, na alipolala kifudifudi alisikia moyo wake ukienda mbio ingawa mwili umetulia.

Majirani walikuja kumjulia hali, na wote walisema neno moja: baridi yabisi. Walishangaa tu kwamba imempata mtoto. Ndipo Rubeni akaanza kutafuta wa kulaumiwa. Alikumbuka kwamba kila alfajiri bibi humtuma Filomena mtoni kuteka maji na kuosha viazi, miguu peku kwenye umande. Rubeni alikuwa mtu mpole, hajapata kumpandishia mama yake sauti tangu azaliwe. Siku ile alimpandishia.

"Mama, mtoto huyu umemwua kwa baridi. Kwani maji yasingeweza kungoja jua?"

Bibi Dorkasi hakujitetea. Alijibu tu kwamba ni kweli, yeye ndiye aliyemtuma. Kisha akachukua blanketi lake, lile zito la pekee alilokuwa nalo, akamfunika mjukuu. Tangu hapo yeye alijifunika khanga mbili katika baridi ile. Kila jioni alimchua viungo kwa mafuta ya nyonyo, kwa vidole vyake vile visivyokunjika, na hakumtania tena.

Filomena alilala kando ya moto, macho juu ya dari nyeusi ya moshi. Hakujua kwa hakika kilichompata, lakini maneno ya Shabani yalimrudia: meza mpaka kidonge cha mwisho. Mara nyingi alifungua mdomo aseme. Akamwangalia baba alivyokasirika, akaufunga. Alijiambia kwamba huenda ni baridi kweli, wakubwa hawawezi kukosea wote. Aliona bibi akibeba lawama isiyo yake juu ya maumivu yake mwenyewe, naye akanyamaza. Katika maisha yake yote ya baadaye hakuna jambo lililomwuma kuliko ukimya ule.

Hali ilipozidi, Ndugu Shabani aliitwa. Alimpima, akasikiliza kifua chake muda mrefu, uso ukabadilika. Akasema mgonjwa huyu si wa zahanati, apelekwe hospitali ya Bumbuli leo hii. Vijana wa kijiji walitengeneza machela kwa miti na mablanketi, wambebe kwa zamu hadi barabarani, na Rubeni na Secilia wakajiandaa kwenda naye. Bibi Dorkasi alisema naye anakwenda. Walimwambia abaki, magoti yake hayawezi. Alishika mkongojo akaanza kuteremka, ikabidi wapunguze mwendo wamsubiri, hadi barabarani walikopata lori lililopakia kabichi.

Hospitalini walipokelewa na Daktari Benedikto, kijana mwembamba aliyezungumza polepole. Alimchunguza Filomena viungo vyote, akasikiliza moyo wake mara kadhaa. Kisha akauliza kama alipata mafindofindo siku za karibuni. Secilia akajibu ndiyo, akapewa vidonge.

"Ulivimaliza?" daktari alimwuliza Filomena.

"Ndiyo," akajibu, akitazama ukutani.

Daktari alikunja uso. Alisema kama mtoto alivimaliza, basi itabidi yeye atafute ugonjwa mwingine, akataja majina ya maradhi mawili matatu ambayo hakuna aliyeyaelewa. Hapo Bibi Dorkasi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, alianza kufungua fundo la khanga yake. Ndani ya fundo mlikuwa na vidonge vyeupe.

"Daktari, mwanangu," alisema, "baridi hii nimempa mimi. Lakini nina dawa ya magoti, nilipewa na mganga wetu. Ilinifaa. Nilibakiza hivi nikasema siku maumivu yakinizidia nitameza. Mpe yeye. Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

Daktari alivichukua vyote, akageuza kidonge kimoja. Akasema hii si dawa ya magoti, ni penisilini. Akauliza kwa ukali ni mganga gani anayewapa wazee wenye magoti mabovu penisilini, akasema mtu huyo atamchukulia hatua.

Filomena alimwona Ndugu Shabani akilini mwake, na tochi yake. Akamwona bibi ameshika fundo lililo wazi, akingoja mjukuu wake atibiwe kwa dawa aliyojinyima.

"Si Ndugu Shabani," alisema. "Ni vyangu. Koo lilipopona nilimpa bibi. Nilimdanganya."

Rubeni aliangalia chini. Akakumbuka maneno aliyomwambia mama yake mbele ya majirani, akatamani yangeweza kurudishwa kooni. Bibi Dorkasi alivitazama vile vidonge mkononi mwa daktari, kisha akalifunga tena fundo la khanga, ingawa halikuwa na kitu.

Daktari Benedikto hakugomba. Alivuta kigoda akaketi karibu na kitanda, akaeleza ili wote waelewe. Alisema watu huita maumivu yote ya viungo baridi yabisi, lakini magonjwa hayo ni mengi na chanzo chake si kimoja. Magoti ya bibi yameharibiwa na umri na mizigo: kati ya mifupa kuna gegedu, nyama ngumu inayoteleza, na miaka ya kubeba na kupanda milima imeila. Baridi huyazidishia maumivu, lakini siyo iliyoyaharibu, na penisilini haiwezi kuyasaidia. Ugonjwa wa Filomena ni homa ya baridi yabisi, na huo huanzia kooni.

"Vijidudu vya mafindofindo huambukizwa kwa kukohoa, hasa watoto wakilala wengi chumba kimoja," alisema. "Dawa isipomalizwa, koo hupona lakini vijidudu vingine hubaki. Mwili unapopigana navyo hukosea njia, ukaanza kujipiga wenyewe. Hupiga viungo, na hivyo vitapona kabisa. Lakini hupiga na moyo."

"Na moyo utapona?" Secilia aliuliza.

Daktari alimgeukia. Akasema mlango mmoja wa moyo wa mtoto umeumia, haufungi sawasawa. Atatibiwa, homa itaisha, atarudi shule. Ila kila mwezi lazima achomwe sindano ya penisilini, bila kukosa hata mmoja, mpaka awe mtu mzima na huenda zaidi, kwa sababu ugonjwa ukirudi mara ya pili utauumiza moyo zaidi. Na asikimbie mpaka atakapoambiwa.

Filomena hakuuliza kuhusu mchakamchaka. Alikuwa ameshaelewa.

Jioni ile Rubeni alimfuata mama yake nje ya wodi, akapiga magoti kwenye nyasi kama mtoto. Alimwomba msamaha. Bibi alimwambia ainuke, suruali itachafuka, na kwamba mtu aliyeogopa kufiwa hahesabiwi maneno. Walakini hakula chakula alicholetewa siku ile.

Filomena alikaa hospitalini wiki nyingi. Viungo vilipona kama daktari alivyosema, visiache hata alama. Aliporudi Kwemtindi watu walimpokea kwa furaha. Baba yake alimwomba Ndugu Shabani azungumze katika mkutano wa kijiji, na Shabani akasimama mbele ya wote. Hakumtaja mtu. Alisema ujamaa ni kugawana jembe, chakula na kazi, lakini dawa haigawanwi, maana kila dawa imepimiwa mwili mmoja na ugonjwa mmoja. Alisema mtoto mwenye koo linalouma aletwe zahanati, na dawa imezwe yote, mzazi akiangalia. Akamalizia kwa kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kosa naye ni hivyo hivyo. Wazazi waliinamisha vichwa, kila mmoja akikumbuka vidonge vilivyobaki nyumbani kwake. Bibi Dorkasi naye alipewa dawa yake mwenyewe ya maumivu, akafundishwa kukanda magoti kwa maji ya moto na kuyanyoosha kila asubuhi, na mizigo mizito ikawa marufuku kwake.

Asubuhi, mchakamchaka ulipopita, Filomena aliusikia akiwa ameketi chini ya mlingoti wa bendera. Sasa Salma ndiye aliyeanzisha nyimbo. Aliimba vizuri, ila walipofika mlimani sauti yake ilikatika, na wimbo ukafa kabla ya kufika juu. Filomena aliumalizia ubeti ule peke yake, kwa sauti ndogo.

Siku ya sindano ya kwanza, bibi alitaka kumsindikiza. Njia ya zahanati ina mwinuko mrefu. Zamani Filomena angekuwa ameshafika juu, ameketi kwenye jiwe akimcheka bibi anavyokuja. Siku ile alikwenda hatua chache akasimama, mkono kifuani, akivuta pumzi. Bibi alimfikia. Wakapanda pamoja, wakapumzika pamoja, wakapanda tena.

Walipofika juu, Filomena alisema jambo alilokuwa nalo tangu hospitali.

"Nisamehe, bibi. Nilitaka tu uweze kutembea."

Bibi Dorkasi aliegemea mkongojo wake, akaangalia njia waliyoipanda.

"Nilikusamehe siku ile ile, mke mwenzangu. Lakini ujue, ukimpenda mtu, mwambie kweli na uulize kwa anayejua. Wema uliofichwa ndani ya uongo huumiza wawili." Akamshika mkono, ule wenye vinundu ukaufunika mdogo. "Kila siku nilikuwa nikimwomba Mungu anipe mwendo wako, niweze kwenda nawe kanisani. Sikumwomba akupe wewe mwendo wangu."

Wakaingia zahanati taratibu, hatua zao zikilingana.